Rwanda na Klabu za Biashara za Wanafunzi



Mwaka 2016 shule za nchi jirani ya Rwanda zilianza kutumia mtaala mpya, ambao ulidai kwamba mwanafunzi apimwe kwa anayoweza kuyatenda na siyo kwa aliyoyakariri tu. Somo la ujasiriamali, ambalo lilikuwa limekwisha kufanywa la lazima katika sekondari, liliguswa sana na mabadiliko hayo. Mahali pa kulitendea somo hilo palikuwa ni klabu ya biashara ya wanafunzi.

Sababu za Rwanda kushika njia hiyo zinaeleweka. Nchi hiyo haina bandari, na eneo lake ni kilomita za mraba 26,338 tu, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13. Shamba la baba likigawanywa kwa watoto wote, kila mmoja huambulia kipande kisichotosha kumlisha. Kazi za ofisini nazo hazitoshi kwa wote wenye vyeti. Ndiyo maana Dira ya 2020, iliyotangazwa mwaka 2000, ilikusudia kuwatoa wananchi katika kilimo cha kujikimu na kuwaelekeza kwenye uchumi wa maarifa na biashara.

Iko sababu nyingine, ambayo kila mlinzi wa usalama anaijua. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanasiasa waliopanda chuki walipata wepesi wa kuwaingiza katika makundi ya wauaji vijana wengi wasiokuwa na kazi. Umaskini peke yake haukuleta maafa yale, lakini kijana asiye na shughuli wala tumaini ni windo jepesi kwa kila mwenye nia mbaya. Kwa hiyo suala la kazi za vijana linahusu pia usalama wa taifa.

Je, klabu ya biashara hufanya nini? Wanachama huchagua viongozi wao: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Huchanga mtaji mdogo, hutazama mahitaji ya watu wa jirani, kisha huchagua bidhaa wanayoweza kuitengeneza na kuiuza. Huandika katika daftari kila senti iliyoingia na kila senti iliyotoka. Mwisho hukaa pamoja wakasoma hesabu na kuamua kama faida igawanywe au irudishwe katika mtaji. Hapo mwanafunzi hujifunza mambo ambayo ubao hauwezi kumfundisha: kwamba mteja hukataa, kwamba mali huharibika, na kwamba rafiki aliyekopeshwa bila maandishi huweza kusahau deni lake.

Lakini klabu haiendi yenyewe. Mwalimu ambaye maisha yake yote amefundisha kwa kuandika maana ya faida ubaoni hawezi kugeuka kwa siku moja akawa mlezi wa biashara. Kwa ajili hiyo, shirika la Educate!, ambalo kazi zake zilianzia Uganda, liliwapa walimu wa ujasiriamali wa Rwanda mafunzo ya miaka miwili. Walimu waliitwa kwenye mafunzo kwa vipindi, wakatembeleana shuleni ili kuona wenzao wanavyofundisha, na wakapewa msaada wa mara kwa mara wakiwa kazini.

Mpango huo ulichunguzwa na wataalamu wawili wa uchumi, Moussa Blimpo na Todd Pugatch, katika shule 207. Shule zilizopata mafunzo zilichaguliwa kwa bahati nasibu, zikalinganishwa na zile zilizofuata mtaala mpya bila mafunzo hayo ya ziada. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021, na yanastahili kusikilizwa yote, matamu na machungu.

Tamu ni kwamba walimu walibadilika kweli, wakawashirikisha zaidi wanafunzi katika vitendo. Idadi ya wanafunzi waliojishughulisha na biashara ilipanda kwa pointi 5 za asilimia, yaani karibu sehemu moja ya sita zaidi ya wenzao. Chungu ni kwamba alama za masomo hazikupanda. Tena, kadiri wanafunzi walivyoingia katika biashara ndivyo walivyopungua katika kazi za mshahara, na mapato yao kwa jumla hayakuongezeka katika kipindi kilichopimwa.

Yako mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba stadi hupatikana kwa kutenda. Hakuna kuruti aliyejifunza kufungua bunduki na kuifunga tena kwa kusikiliza hotuba; alijifunza kwa mikono yake, mbele ya mkufunzi aliyekwisha kufunzwa vizuri. Taifa linalotaka vijana wake wajue biashara halina budi kuanza na mwalimu.

La pili ni kwamba mafunzo peke yake hayatoshi. Kikosi kilichofunzwa barabara lakini hakina zana, chakula wala njia ya kupitisha vifaa hakiwezi kusonga mbele. Vivyo hivyo, kijana anayejua kuweka hesabu huhitaji mkopo wa masharti nafuu, barabara, umeme, na soko lenye watu wanaoweza kununua. Kumwambia kwamba ujasiri wake pekee utamtajirisha ni kumdanganya, na kijana aliyedanganywa huja kuwa na uchungu kuliko yule ambaye hakuahidiwa kitu.

Mambo hayo hayako mbali na kambi na vituo vya polisi. Askari anayestaafu hupokea kiinua mgongo, na mara nyingi hizo ndizo fedha nyingi kuliko zote alizopata kuzishika kwa mkupuo. Anayenunua gari la abiria au kufungua duka bila kupata kuweka daftari hata mwezi mmoja huiingia vita asiyoifanyia mazoezi. Anayeanza mapema akiwa bado kazini, kwa mradi mdogo wa familia au kwa kushiriki kikamilifu katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, hufanya makosa yake wakati hasara ingali ndogo.

Rwanda imeonyesha kwamba shule inaweza kumfundisha kijana kuthubutu, na uchunguzi uliofanywa humo umeonyesha mpaka wa uwezo wa shule. Nchi inayopima mipango yake na kukubali hesabu ilivyo, ziwe ni za faida au za hasara, hufanya lile lile ambalo mweka hazina wa klabu hufundishwa kulifanya: kuandika kweli katika daftari. Mpango uliofungwa katika sifa tupu hauwezi kurekebishwa, kwa sababu hakuna ajuaye ulipoharibika.