Kadi Ikirudishwa, Kiti Ni cha Nani?



Maudhui yetu leo ni wanasiasa wanaohama vyama na jinsi wapiga kura wanavyolipokea jambo hilo. Nimeyachagua kwa sababu ya mzee mmoja, jirani yangu wa shamba hapa Makutupora, Dodoma, ambaye zamani, alipokuwa akiishi wilaya nyingine, alihudhuria mkutano wa hadhara, akamwona mtu aliyempigia kura akipanda jukwaani, akaiinua kadi yake ya zamani ili umati uione, akamkabidhi mwenyekiti, akapokea mpya, akavishwa kofia ya rangi nyingine, na vigelegele vikapaa. Naye mzee akarudi nyumbani kwa miguu akijiuliza kura yake imehamia wapi. Swali hilo aliniletea mimi, wala sijaweza kuliweka kando, kwani ni swali la haki.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 71, yasema kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, basi ubunge wake umekoma. Nafasi hutangazwa kuwa wazi, Tume ya Uchaguzi hupewa taarifa, na jimbo hurejea kwenye masanduku. Kadi, kwa hiyo, ni milki ya mwanasiasa, aweza kuirudisha apendapo. Ama kiti ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.

Jirani zetu wa Kenya waliyaonja haya mapema. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akakiacha chama tawala cha KANU na kukiongoza chama kipya cha KPU, akifuatwa na baadhi ya wabunge na maseneta. Serikali ikaharakisha kuibadili Katiba ili kila aliyehama arudi kwa wapiga kura, na Juni mwaka ule, kati ya viti 29, KPU ikapata 9 tu. Sheria ile ilitungwa kwa nia ya kuwabana wapinzani, wala haifai kuificha nia hiyo. Illa kumrudisha mtu mbele ya waliomtuma ni jambo la insafu, hata likifanywa kwa sababu isiyo njema.

Hapa uwandani kwetu kisa kilicho karibu ni cha Singida Kaskazini. Lazaro Nyalandu alikuwa mbunge wake tangu mwaka 2000, akapata kuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, hata mwishoni mwa Oktoba 2017 akatangaza kuiacha CCM na kuomba kupokewa CHADEMA. Uchaguzi mdogo ulipofanyika Januari 2018, CHADEMA iliususia, na CCM ikakitwaa kiti. Watu wa Singida Kaskazini, ambao walistahiki kumwambia mbunge wao kwamba amefanya vyema au kwamba amewakosea, hawakuipata fursa hiyo kabisa, maana mwenyewe hakuwamo katika karatasi ya kura. Aprili 2021, katika mkutano mkuu wa CCM uliofanyika hapa Dodoma, alirejea alikotoka.

Majira yale Nyalandu alipoihama CCM, wengine walivuka kutoka upinzani kuingia CCM, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Maulid Mtulia aliiacha CUF Desemba 2017, na Februari 2018 akalipata tena jimbo lile lile la Kinondoni, safari hii kwa tiketi ya CCM. Ukiyatazama matokeo peke yake waweza kudhani wapiga kura waliridhia. Lakini waliofika vituoni hawakutimia robo ya walioandikishwa, nami nashikilia kwamba kimya cha watu wengi kiasi hicho hakiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa.

Aliyepimwa barabara na wapiga kura ni Augustine Mrema. Alipotoka CCM mwaka 1995 na kujiunga na NCCR-Mageuzi, watu walilisukuma gari lake kwa mikono, na katika uchaguzi wa rais akapata karibu asilimia 28 ya kura. Mwaka 1999 akahamia TLP; uchaguzi uliofuata akashuka chini ya asilimia 10, na mwaka 2005 hakufika hata asilimia 1. Taifa lilikuwa limemwacha. Lakini watu wa Vunjo, waliomjua kwa karibu, walimpa ubunge mwaka 2010 kwa chama hicho hicho kidogo, na mwaka 2015 wakauchukua wakampa James Mbatia. Hapo naona watu waliompima mtu kwa kazi yake, si kwa kofia yake.

Haya yote nilimweleza mzee, nikamwambia kura yake haikuhamia popote, ingali yake. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba yeye mwenyewe amehama, na jina lake bado limo katika daftari la kule alikotoka. Basi tukapatana kwamba zoezi la kuboresha daftari litakapofika katani kwetu, twende pamoja kituoni akahamishie taarifa zake hapa Makutupora.