Kemia na Chekechea: Kozi Mbili, Mtoto Mmoja

Maneno ya mwalimu mkimbizi, Kinyamaseke, katika maadhimisho ya tarehe 20 Juni



Tunakutana siku yenye historia. Mkataba wa nchi za Afrika juu ya wakimbizi ulitiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969, ukaanza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Tangu mwaka 2001 siku hii inaadhimishwa duniani pote. Kamati imeniomba niseme juu ya masomo ya chuo, nami nitasema juu ya kozi mbili tu: kemia na malezi ya watoto wadogo.

Mwezi uliopita mzazi mmoja alikuja kwangu jioni. Ana kijana na binti, wote wamemaliza sekondari. Akasema, "Mwalimu, kijana asome kemia awe mtu. Binti akasomee nasari. Kulea watoto hakuhitaji akili." Nikamwomba aniletee karatasi za matokeo. Tulipozisoma pamoja tukaona kwamba katika kemia binti amemshinda kaka yake. Mzee akanyamaza. Wazazi wenzangu, wengi wetu tunafikiri kama yeye, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Kwanza, kemia. Vijana wanasema ni somo la wazungu na la maabara. Sivyo. Hapa Kasese tunaishi katikati yake. Chumvi ya Katwe hupatikana maji ya ziwa yakikauka juani. Shaba ya Kilembe ilileta reli hadi Kasese mwaka 1956, na baadaye marundo ya mabaki ya mgodi ule yakatolewa kobalti kwa msaada wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mama anayechuja maji ya jivu, anayechemsha sabuni, anayechachusha ndizi, huyo anafanya kemia. Dawa ya klorini tunayotia katika maji ni kemia, na ile nusu saa ya kusubiri kabla ya kunywa ni kemia pia. Asiyesubiri amepoteza dawa. Jiko la mkaa likiachwa likiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Pili, chekechea. Wengine wanadhani ni mahali pa kuwafungia watoto ili mama aende shambani. Mimi nimefundisha wakubwa na wadogo, nami nawaambia: mtoto aliyecheza kumimina maji kutoka kopo refu kwenda kopo pana, akaona kwamba maji ni yale yale, huyo amekwisha kuanza kemia. Aliyepanga vizibo vya soda kwa rangi na kwa hesabu amekwisha kuanza sayansi. Asiyepata michezo hiyo hufika sekondari akikariri asichokielewa.

Tena mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya nyumbani. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali pale. Sisi tuna bahati: Kinande cha ng'ambo ya Mpondwe na Lhukonzo cha huku vinasikilizana. Mwalimu wa chekechea anayejua lugha hiyo ni hazina kwa mwenyeji na kwa mkimbizi.

Sasa nitawaeleza jambo lililotokea karibu na nyumba yangu. Mtoto wa miaka mitatu alikunywa mafuta ya taa yaliyowekwa ndani ya chupa ya soda. Majirani wakakimbia, mmoja na maziwa, mwingine akitaka kumtapisha kwa kidole. Msichana mmoja mlezi wa chekechea akawazuia. Alikuwa amefundishwa kwamba mafuta yale yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Akambeba mtoto pamoja na ile chupa, wakapanda pikipiki hadi kwenye zahanati. Mtoto yuko hai. Niulizeni: siku ile iliokoa kemia au yaliokoa malezi? Msiweze kuvitenganisha.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Moja: wazazi, tusigawe kozi kwa jinsia. Binti anayeweza kemia aende kemia. Kijana mwenye subira na watoto asione aibu kusomea chekechea.

Mbili: tunzeni karatasi zenu. Mwenye diploma ya serikali ya Kongo au cheti kingine cha sekondari cha nje hupeleka UNEB ili kilinganishwe na vyeti vya Uganda. Masomo ya chuo kikuu hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Anzeni mapema, msingoje tangazo la chuo. Mimi nilivuka mpaka bila vyeti vyangu, nami najua uchungu wa kuambiwa, "Tunaamini umesoma, lakini karatasi iko wapi?"

Tatu: vijana, ulizeni masharti ya sasa kabla ya kulipa ada mahali popote. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inaelekea kumtaka kila mwalimu awe na digrii, hata wa chekechea. Msilipie cheti ambacho hakitawaajiri.

Nne: ndugu zetu wa mashirika, tunawashukuru. Ufadhili wa DAFI umesomesha wakimbizi vyuoni tangu mwaka 1992. Tunaomba mnapoandika mipango yenu msimwache mlezi wa chekechea aliyejitolea kwa miaka bila chuo. Yeye ndiye anayetayarisha wanafunzi ambao wengine watawafadhili kesho.

Yule mzee alirudi wiki jana. Amesema binti ataomba nafasi ya kemia. Kijana bado anafikiri, lakini siku mbili nimemwona chini ya mwembe akichonga vitu vya kuchezea watoto. Tumwache achague.

Mungu atulindie watoto.