Ponti ya Gari Ikilia, Sikieni Inachosema

Leo sisemi juu ya mbegu wala mbolea. Nasema juu ya gari linalobeba mavuno yenu. Mnalima, mnapalilia, mnavuna, mnatia mahindi katika magunia. Lakini mahindi yakilala kando ya njia ya Likasi au ya Kolwezi, mvua ikiyapiga kwa sababu gurudumu limetoka, hayana bei tena. Na gari hilo hilo ndilo linalopeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa kwa daktari. Kwa hiyo sikieni vizuri.

Gari la kuvuta kwa magurudumu manne, kama Land Cruiser 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, lina chuma kinene nyuma, toka gurudumu moja hata la pili. Mafundi wetu wanakiita ponti. Katikati yake pana tumbo la mviringo. Ndani ya tumbo meno ya chuma yanapokea nguvu ya kardani, ile fimbo ndefu inayozunguka chini ya gari, na kuigawia magurudumu mawili. Kila kinachozunguka kinakaa ndani ya rulema. Vyote vinaishi kwa mafuta. Mafuta yakipungua, au maji yakiingia ndani yake, chuma kinasaga chuma. Hapo ponti inaanza kulia.

Swali: Mtu asiye fundi anaweza kujua kinacholia?
Jibu: Anaweza, kama ana sikio na saburi. Afuate mambo haya manne.

Kwanza, tafuta mambo madogo. Simamisha gari mahali pa sawa. Jaribu nati za magurudumu yote. Kama moja imelegea, usiende hata hatua moja kabla ya kuikaza. Angalia kama jiwe limenasa katika mpira, au ndani ya ngoma ya freni. Angalia vyuma vinavyofunga ponti kwa springi.

Pili, endesha na kusikiliza. Chagua njia tupu. Kelele ikibadilika unapotoka kwenye udongo na kuingia kwenye lami, inatoka kwa mipira. Ukisikia kishindo kimoja, ko!, gari linapoanza kuondoka, viungo vya kardani vimelegea. Zikiwa ni kelele ndogo za kwi-kwi-kwi kwa mwendo wa polepole, viungo hivyo vimekauka, vitiwe grisi. Ukisikia mlio kama wa nyuki unapoongeza mwendo, nao unabadilika unapoachia, fikiri juu ya meno ya tumbo la ponti. Ukisikia ngurumo inayokua pamoja na mwendo, pinda kidogo kushoto, kisha kulia. Kama inazidi ukipinda kushoto, mara nyingi ni rulema ya gurudumu la kulia, maana uzito umeegemea huko.

Hesabu pia. Katika magari mengi ya namna hii kardani inazunguka karibu mara 4 gurudumu likizunguka mara 1. Sauti inayogonga mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, tafuta karibu na gurudumu. Inayogonga upesi zaidi, tafuta kwenye kardani.

Tatu, pima kwa mkono. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la nyuma, bila kukimbilia kushika. Kimoja kikiwa cha moto sana kuliko mwenzake, rulema au freni yake ni mgonjwa. Kisha zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma kwa kriki, weka gogo imara chini ya ponti. Mtu asiingie chini ya gari. Shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likicheza, mwite fundi. Lizungushe kwa mkono. Likikwaruza, mwite fundi.

Nne, angalia mafuta. Ponti ikiwa baridi na gari limesimama sawa, fungua kizibo cha kutilia mafuta. Ingiza kidole: mafuta yafike kwenye ukingo wa chini wa tundu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia; yamwagwe yote. Hivyo hutokea ponti ya moto ikiingia mtoni kwa ghafula, na kijitundu chake cha kupumulia kimezibwa na tope. Tia mafuta ya ponti yaliyoandikwa katika kitabu cha gari, si mafuta ya injini. Uji mweusi laini kwenye kizibo chenye sumaku si ajabu. Vipande vya chuma ni hatari.

Jambo lingine. Ukivuta kwa magurudumu manne juu ya lami kavu, gari linakuwa zito na kurukaruka ukipinda. Huo si ugonjwa wa ponti, ni kosa la dereva. Magurudumu manne ni ya tope na mchanga.

Na ninyi mnaotaka kununua gari lililotumika, jihadharini. Wauzaji wengine wanatia unga wa mbao katika mafuta ya ponti ili kelele inyamaze siku ya kuuza. Fungueni kizibo kabla ya kutoa feza.

Wazee walisema: sikio la kufa halisikii dawa. Dereva anayeongeza sauti ya redio ili asisikie ponti anatembea na sikio hilo. Chagueni mtu mmoja wa kutunza daftari la gari: tarehe, kilometa, mafuta, na kila sauti mpya. Mvua za Novemba zisianze kabla ponti haijafunguliwa na kutazamwa. Bei ya mafuta ni ndogo. Bei ya ponti ni mavuno yenu.