Aliyepona Saratani ya Utumbo na Nafasi Yake Katika Safu

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili wa mwanadamu na akaijua nguvu yake na udhaifu wake. Tunamhimidi, tunamwomba msaada na tunamtaka msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa akiwazuru wagonjwa na kuwaliwaza, pamoja na jamaa zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani na vitandani! Tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu! Leo tutasema juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona. Nalo ni maisha ya mtu aliyepatwa na saratani ya utumbo mpana au ya puru, akatibiwa, akapata nafuu, kisha akarudi kwake. Maradhi haya si ya watu wachache. Ni saratani ya tatu kwa wingi duniani. Mwaka 2022 peke yake waligunduliwa nayo watu wapatao milioni 1.9. Lakini hatukulichagua jambo hili kwa ajili ya hesabu hizo. Tumelichagua kwa kuwa mmoja wetu alitoweka katika safu, na sisi tukakaa miezi bila ya kuuliza yuko wapi.

Mzee huyo alikuwa mtu wa safu ya kwanza, upande wa kulia, karibu na nguzo. Alipougua tulimzuru hospitali, tukamwombea dua, tukampelekea machungwa. Aliporudi nyumbani tulifurahi, tukasema: "Alhamdulillahi, yamekwisha." Kumbe kwake yeye ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Madaktari walilazimika kuiondoa puru yake pamoja na sehemu ya utumbo, wakamfungulia tundu tumboni. Tangu siku hiyo choo hutoka hapo, kikaingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi, naye hana uwezo wa kukizuia. Hatimaye tulipokwenda kumwuliza kwa nini haonekani, alituambia kwa sauti ndogo: "Mimi nimekuwa mtu wa najisi. Nitaingiaje katika nyumba ya Mwenyezi Mungu?" Alikuwa ameiacha Ijumaa, na alikuwa karibu kuziacha hata sala za nyumbani.

Enyi Waislamu! Mtu huyu aliokoka na maradhi, kisha akauawa na haya. Na sisi tuliokuwa na elimu ya kumjibu hatukumwendea.

Jibu lake limo katika dini yetu tangu siku za Mtume (S.A.W.). Imran bin Huswain (Mwenyezi Mungu amwie radhi), Sahaba mtukufu, alikuwa na bawasiri, maradhi ya mahali pale pale panapotajwa kwa aibu. Hakuyaficha. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwuliza habari ya sala yake, na Mtume hakumkunjia uso. Alimfundisha asali kwa kusimama, akishindwa, akae, akishindwa, alale ubavu. Tazameni: swali liliulizwa waziwazi, likajibiwa kwa upole, na faida yake imewafikia wagonjwa wote mpaka leo.

Tena Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amwie radhi) amesimulia kwamba mmoja wa wake wa Mtume alikaa itikafu pamoja naye, hali ya kuwa anatokwa na damu ya maradhi, hata mara nyingine wakiweka bakuli chini yake. Hakuambiwa, "Toka, utauchafua msikiti." Liliwekwa bakuli, na ibada ikaendelea.

Kwa msingi huo wanazuoni waliweka hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, kama yule asiyeweza kuzuia mkojo au damu, na wanazuoni wa zama zetu wamemwingiza humo mwenye mfuko wa tumboni. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa mwambao wetu, mtu huyo husubiri wakati wa sala uingie, husafisha anavyoweza, huumwaga mfuko akiweza, hutawadha, kisha husali. Kinachotoka baada ya hapo hakimbatilishii sala yake. Kwa kila faradhi hutawadha upya, na sunna husali azitakazo. Hahitaji kuubandua mfuko kwa kila sala, kwani kufanya hivyo kutamchubua ngozi, na dini haikuja kuwachuna watu ngozi.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipoeleza katika kitabu chake cha Minhaj hukumu ya mwanamke mwenye damu isiyokatika, alimtaka asiicheleweshe sala baada ya kutawadha. Lakini akaeleza kwamba akichelewa kwa maslahi ya sala yenyewe, kama vile kungoja jamaa, hapana dhara. Zingatieni maneno hayo, ndugu zetu! Mwanachuoni huyo hakumwandikia mwenye udhuru hukumu ya kujifungia chumbani. Alimhesabu kuwa ni mtu anayengoja jamaa pamoja na wenzake. Basi sisi tumepata wapi ruhusa ya kumfukuza, iwe kwa ulimi, kwa jicho, au kwa kuziba pua?

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu! Jeraha la tumbo hufunga, na jeraha la moyo likabaki wazi. Aliyetibiwa saratani hii huenda akachoka upesi kwa miezi mingi. Wengine vidole vyao hushikwa na ganzi kwa sababu ya dawa. Wengine ambao hawakuwekewa mfuko hubanwa na haja ghafula, hata wakaogopa safari, harusi na msikiti. Na kwa kawaida madaktari humfuatilia mgonjwa kwa muda wa miaka 5. Kila siku ya kupimwa ikikaribia, usingizi humpaa akihofu kwamba maradhi yamerudi.

Basi asije mtu akamwambia: "Mbona una huzuni, huna imani?" Nabii Yaakubu (A.S.) alilia mpaka macho yake yakaingia weupe, naye ni Nabii. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi kwa kufiwa na mwanawe Ibrahim. Huzuni si kukufuru. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili na zaidi, mtu akawa halali, hali, hataki kuonana na watu, au anaona heri afe, hayo nayo ni maradhi na yana matibabu. Apelekwe kwa daktari kama alivyopelekwa kwa ajili ya tumbo, na dua iendelee pamoja na dawa.

Enyi wake na waume! Upasuaji wa sehemu hizo huenda ukagusa mishipa ya fahamu, na mambo ya unyumba yakabadilika. Hilo ni athari ya tiba, wala si kupungua kwa mapenzi. Semezaneni kwa huruma, na mwulizeni daktari bila ya kuona haya.

Enyi wenye mali! Mifuko hii ni ghali kwa masikini na katika miji mingi haipatikani kwa urahisi, hata wengine hujifunga vitambaa na mifuko ya plastiki, wakachubuka. Kumnunulia mgonjwa mifuko ya mwezi mmoja ni sadaka inayomrudisha mtu katika sala. Nanyi wasimamizi wa misikiti, wekeni choo kimoja chenye nafasi, maji ya kutosha, ndoano ya kutundikia nguo na pipa lenye kifuniko. Gharama yake ni ndogo kuliko ya zulia.

Ramadhani ikikaribia, mwenye tundu la utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi kwa wingi. Asifunge kabla ya kumshauri daktari wake. Na anayeona damu katika choo, au mwendo wa haja yake umebadilika kwa wiki kadhaa, au anakonda bila ya sababu, asiogope kwenda kupimwa. Saratani hii ikikutwa mapema hutibika zaidi.

Yule mzee wetu alikuja Ijumaa iliyofuata. Alikaa mwisho wa safu, karibu na mlango. Kijana mmoja alisogea kando, na hatukujua kama alisogea kwa heshima au kwa kukimbia. Lakini mwanya ulibaki kati yao. Hapo mtu mmoja wa makamo akatoka safu ya nyuma, akauziba mwanya ule, bega lake likagusana na bega la mzee. Hakusema neno.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, waondolee hofu waliopona, wape subira wanaowauguza, na utusamehe sisi tulioghafilika nao. Ee Mola, usiwafanye waja wako wakaikimbia nyumba yako kwa sababu yetu. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mtakaponyosha safu hivi punde, tazameni kuliani na kushotoni ni nani hayupo. Baada ya sala, nendeni mkamwulize.

Simamisheni sala.