Kambi ya Rubongi, Machi 1979: Mgeuko wa Vita na Nafasi Yake katika Filamu

Mgeuko wa vita, yaani wakati ambapo mwelekeo wa mapambano hubadilika hata aliyekuwa akishambulia akaanza kujihami, au jeshi lililodhaniwa kuwa moja likagawanyika, umewavutia watengenezaji wa filamu kwa sababu huwakutanisha watu na uamuzi usioweza kuahirishwa. Hata hivyo, katika historia ya Uganda kamera zimeelekea zaidi mahali pamoja: uvamizi wa makomando wa Israeli katika uwanja wa ndege wa Entebbe mwezi Julai 1976, ambao kufikia mwisho wa mwaka 1977 ulikuwa umetengenezewa filamu tatu, na nyingine ikafuata mwaka 2018. Vita vya Kagera kati ya Uganda na Tanzania, ambavyo ndivyo vilivyomng'oa mtawala wa Uganda Idi Amin, vimebaki kwa sehemu kubwa katika filamu moja ya hali halisi ya Tanzania, Vita vya Kagera, ya mwaka 1980. Uwiano huo si wa haki.

Mfano mmoja wa mgeuko uliosahauliwa ni wa Tororo: tarehe 2 Machi 1979, siku chache baada ya majeshi ya Tanzania kuiteka Masaka, wapiganaji wa msituni waliomuunga mkono Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka Kenya na kuushambulia mji wa Tororo, wakikusudia kujipatia silaha na kuwasha uasi mashariki mwa nchi. Jambo zito zaidi lilitokea miongoni mwa askari wenyewe wa kambi ya Rubongi mjini humo, kwani baadhi yao waliasi na kujiunga na washambuliaji, huku wengine wakibaki upande wa serikali. Baada ya mapigano makali vikosi vya Amin viliurudisha mji, na uasi ukazimwa.

Kushindwa huko hakupunguzi thamani ya tukio katika sanaa, bali kunaiongeza. Komando wa Entebbe alijua adui yake kabla ya kupanda ndege, lakini askari wa Tororo alilazimika kumtambua adui akiwa amesimama miongoni mwa wenzake waliokula naye chakula kimoja, nao mpaka wa Kenya, ambao jamii kama Wateso wanaishi pande zake zote mbili, ukiwa kilomita chache tu kutoka hapo. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya amri katika jeshi la Uganda na pia katika jeshi la Tanzania, kingempa mwongozaji wa filamu nafasi adimu ya kuwasikilizisha watazamaji maadui wanaoelewana kila neno, ilhali Kidhopadhola na Kiteso vingesikika sokoni na majumbani.

Mwandishi wa mswada wa filamu hapaswi, kwa kutafuta msisimko, kudai kwamba Tororo ndiyo iliyoamua vita. Pigo kubwa kwa jeshi la Amin na wasaidizi wake wa Libya lilitokea Lukaya tarehe 10 na 11 Machi, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Ukweli wa Tororo unatosha bila kuongezewa chumvi.

Askari aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile sasa amepita miaka 65. Vijana wenye kamera katika miji ya Tororo na Busia wawaendee wazee hao sasa, wakiwa bado wanaweza kusimulia.