Kurudi kwenye kisu

Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila jijini Dar es Salaam, imewasogezea Watanzania upasuaji wa kupunguza uzito. Ila kwa mgonjwa wa Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, kusogezewa huko bado ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Ndiyo maana hofu ya anayefikiria kupasuliwa mara ya pili, baada ya uzito kurudi, si woga wa kitoto. Upasuaji wa marudio kwa kawaida una hatari kubwa kuliko wa kwanza: makovu hushikamanisha viungo, na mshono ukivuja anahitajika bingwa ndani ya saa chache, si kesho kutwa kwa basi.

Wapo watakaosema kisukari na presha vinavyokuja na uzito huo navyo vinaua. Kweli, tena polepole. Lakini kwanza ijulikane kwa nini uzito umerudi. Kama tumbo lililopunguzwa limetanuka, au kiungulia hakiishi, kisu kina kazi. Kama ni soda na maandazi (ndizi za Rungwe zisibebeshwe lawama zote), kisu cha pili kitakuta mambo yaleyale. Na kwa kuwa vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote, ufuatiliaji upangwe katika hospitali ya Makandana, Tukuyu, au Mbeya kabla ya kukata tiketi.