Samaki Mpiganaji wa Siam, na Kulea Watoto Wake

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za samaki mdogo atokaye mbali, katika nchi iliyoitwa zamani Siam, ambayo leo yaitwa Thailand. Urefu wake wapata kidole cha mtu mzima, lakini kwa ukali hana mfano. Wenyewe humwita pla kat, maana yake samaki aumaye. Wataalamu humwita Betta splendens, jina alilopewa mwaka 1910 na Charles Tate Regan, aliyekuwa bingwa wa elimu ya samaki katika Makumbusho ya Uingereza huko London.

Siku hizi samaki huyu hufugwa majumbani katika nchi nyingi, hata katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki, kwa ajili ya rangi zake na mapezi yake marefu kama kanga inayopepea. Wafugaji wengi hutamani kumzalisha. Wakijaribu hufaulu upesi: mayai hutagwa, vitoto huanguliwa, nyumba nzima huitwa kuja kutazama. Juma moja likipita, hakuna hata kitoto kimoja. Basi husema maji yalikuwa mabaya, au samaki walikuwa wabovu. Mara nyingi sivyo. Vitoto vilikufa njaa katikati ya maji yaliyokuwa masafi, mbele ya macho ya mtu aliyewapenda. Kwa sababu hiyo mazungumzo yangu yatakaa zaidi katika kulea kuliko katika kuzalisha.

Lakini kwanza tumjue mgeni wetu. Siam ni nchi ya mpunga na mifereji. Mvua kubwa zinyeshapo katika uwanda wa mto Chao Phraya, maji hufunika mashamba, na samaki hawa hukaa katikati ya mabua ya mpunga, penye maji machache, ya vuguvugu, yasiyokwenda. Samaki wa namna nyingine angekosa pumzi humo akafa. Huyu amejaliwa kiungo kilicho juu ya matamvua yake, chenye mikunjo mingi kama vichochoro vya mji wa kale, na kwa kiungo hicho huvuta hewa ya juu ya maji. Sisi hatuna haja ya kustaajabu sana, maana kambare na kamongo wetu nao hupanda juu kuvuta pumzi. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa nitalirudia.

Watu wa Siam wamemfuga tangu zamani. Uchunguzi wa asili ya samaki hawa uliotangazwa mwaka 2022 waonyesha kuwa ufugaji ulianza si chini ya miaka 400 iliyopita. Walimfuga ili apiganishwe, kama watu wengine wapiganishavyo majogoo, na kamari ilichezwa juu yake. Theodore Cantor, mganga wa Kampani ya Mashariki ya India, aliandika mwaka 1849 kwamba leseni za mashindano hayo zilimletea mfalme wa Siam mapato makubwa. Mwezi wa Februari 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza samaki huyu kuwa mnyama wa majini wa taifa. Mimi sina hamu ya kuona samaki akichanwa mapezi. Kwangu mimi ushujaa wake uko katika malezi, kama mtakavyosikia.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kuwakutanisha dume na jike, tayarisha chakula cha watoto. Nasema kabla, wala si siku ileile. Hesabu mwenyewe: mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, baadaye kitoto hukaa siku mbili tatu kikila kiini alichoachiwa tumboni. Basi tangu kutagwa hata njaa ya kwanza ni siku nne au tano tu. Na chakula chenyewe, ambacho ni vijidudu hai visivyoonekana vema kwa jicho, chataka muda wa juma zima kukua. Mtu aanzaye kukitafuta siku avionapo vitoto vinaogelea amekwisha kuchelewa.

Vijidudu hivyo havinunuliwi. Twaa chupa ya mdomo mpana, uijaze maji ya bwawa, au maji yaliyokaa siku nyingi katika tangi la samaki. Maji ya bomba yenye dawa hayafai. Tia kipande cha ganda la ndizi lililokauka, au majani makavu machache. Iweke mahali penye mwanga pasipo jua kali. Baada ya siku mbili tatu maji yatageuka meupe kama maji yaliyooshea mchele, nayo yatanuka. Hapo ndipo wengi humwaga, wakidhani yameharibika. Vumilia! Weupe ule ni bakteria, na baada ya siku chache maji yataanza kutakata yenyewe, kwa sababu vijidudu vilivyo vikubwa kidogo vinawala wale wa kwanza. Ukiinua chupa mbele ya taa utaona kama vumbi jeupe litembealo huku na huku. Hicho ndicho chakula. Fanya chupa tatu, kila moja siku mbili baada ya mwenzake, ili moja ikiisha nyingine iwe tayari.

Pamoja na hivyo, jipatie kwa mfugaji mwenzako mbegu ya minyoo wadogo sana, ambao urefu wao hauzidi milimita mbili, nao ni wembamba kama unywele. Hufugwa katika uji mzito uliopoa, wa unga wa shayiri au wa mahindi, ndani ya kopo ambalo mfuniko wake umetobolewa. Wakiongezeka hupanda ubavuni mwa kopo, nawe huwakomba kwa ncha ya kidole. Harufu yake si ya uturi, na mwenye nyumba apaswa kuombwa ruhusa.

Chombo cha kuzalishia kiwe kipana kuliko kuwa kirefu: karai, au tangi la kioo, lenye maji ya kina cha sentimita 10 hivi, hata 15. Usitie mchanga wala changarawe, maana mayai yakiangukia humo dume hayaoni tena. Joto la maji liwe digrii 26 hadi 28. Sisi wa pwani joto hilo twalipata miezi mingi ya mwaka bila taabu. Bali mtu wa Nairobi au wa Arusha hana budi kupasha maji kwa chombo cha umeme, maana usiku mmoja wa baridi waweza kumaliza kazi yote.

Na hapa kuna jambo la kutufurahisha. Wafugaji wa Siam hutia majini majani makavu ya mti fulani, na leo majani hayo huuzwa kwa fedha Ulaya na Marekani, yamefungwa vizuri kama chai. Mti wenyewe ni mkungu, huu uotao kandokando ya bahari yetu, ambao watoto hupasua kokwa zake kwa jiwe ili wale kiini. Majani yake hugeuka mekundu kisha huanguka, nasi huyafagia na kuyachoma moto. Okota jani lililoanguka lenyewe, lisilo na vumbi la barabara wala mafuta ya motokaa. Lioshe, likauke kabisa, kisha litie. Maji yatageuka rangi ya chai hafifu, kama maji ya kwao, na wafugaji wengi husema mayai hayashikwi na ukungu upesi. Zaidi ya hayo, dume hupenda kujenga chini ya jani lieleapo.

Ndiyo, hujenga. Mtie dume chomboni, na jike umtie ndani ya chemni ya taa iliyosimamishwa katikati ya maji, wapate kuonana wasiweze kugusana. Dume akimwona jike hutanua mapezi, kisha huenda pembeni, huvuta hewa na kuitoa mdomoni kwa mapovu madogo yenye ute, moja baada ya moja, hata yawe tabaka nene juu ya maji. Hicho ndicho kiota. Jike aliye tayari huwa na tumbo lililojaa na mistari ya kusimama ubavuni. Ukiona kiota kimekamilika na jike ana dalili hizo, iondoe chemni. Dume atamfukuza, hata kumng'ata mapezi kidogo. Kwa hiyo weka majani mengi ya majini ili jike apate pa kujificha. Lakini wakipigana kwa dhati, watenge, ungoje siku nyingine.

Wakipatana, dume hujikunja na kumzunguka jike kama pete chini ya kiota. Mayai hutoka machache machache, meupe kama chembe za chumvi, yakizama polepole. Jike huelea kwa kitambo kama aliyezimia. Dume huyafuata mayai, huyaokota kwa mdomo, na kuyapachika povuni. Hurudia hivyo kwa saa kadhaa, hata mayai yafikapo mia na zaidi. Jike akimaliza mtoe mara moja, umweke peke yake apone, kwa kuwa dume sasa hamwoni kuwa mke bali mwizi.

Tangu hapo baba ndiye mlezi. Hutengeneza mapovu yaliyopasuka, huokota mayai yaanguka­yo, na vitoto vikianguliwa, ambavyo huning'inia chini ya povu mikia ikielekea chini, kila kimoja kiangukacho hukifuata na kukirudisha kwa mdomo. Vikianguka ishirini huwafuata ishirini. Usiku mwachie mwanga mdogo apate kuona. Usigonge kioo, wala usiite majirani kila saa. Dume aliyefadhaishwa huweza kula watoto wake wote, na lawama si yake.

Siku ya tatu hivi tangu kuanguliwa, vitoto huacha kuning'inia na huanza kuogelea kwa kulala, kila kimoja upande wake. Hiyo ndiyo saa. Mtoe baba, maana kazi yake imekwisha, na vitoto vitawanyikapo aweza kuviona kuwa chakula. Mimina maji kidogo ya ile chupa yako, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Siku chache zikipita ongeza wale minyoo. Wafugaji wa Siam huwapa pia kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kilichovurugwa majini. Wao wana ujuzi wa vizazi vingi. Kwa mgeni wa kazi hii sikishauri, kwa sababu tone moja likizidi huoza, na asubuhi karai lote hunuka.

Mwisho wa juma la kwanza wapatie chakula kilicho bora kuliko vyote: watoto wa kamba wadogo wa maji ya chumvi, waitwao Artemia. Mayai yao ni makavu kama vumbi la kahawia, nayo huhifadhika muda mrefu. Mengi huvunwa katika Ziwa Kuu la Chumvi, katika jimbo la Utah, Marekani. Hata karibu nasi wapo, maana walipandwa katika mashamba ya chumvi ya upande wa Malindi katika miaka ya 1980. Yatie mayai hayo katika maji ya chumvi yenye joto na kuvuviwa hewa, na kwa muda wa siku moja wataanguliwa. Wachuje kwa kitambaa, uwaoshe kwa maji matamu, kisha uwape vitoto. Sasa chukua kioo cha kukuzia, utazame matumbo: kitoto kilichoshiba huwa na tumbo la rangi ya chungwa. Chenye tumbo jeupe lililobonyea hakijala, nawe una siku moja tu ya kukiokoa.

Nilisema nitarudia habari za pumzi. Kile kiungo cha kuvutia hewa kitoto hakizaliwi nacho. Huota kati ya juma la tatu na la sita hivi. Wakati huo funika chombo kwa kioo, ukiacha nafasi ndogo, ili hewa iliyo juu ya maji iwe na joto na unyevu sawa na maji yenyewe. Upepo wa baridi wa asubuhi mmoja tu huwaua wengi, na mfugaji asiyejua hutafuta ugonjwa usiokuwapo. Uchafu wa chini uuvute kwa mpira mwembamba, na maji mapya yaingie kwa matone, yakiwa na joto lilelile.

Wakifika miezi miwili au mitatu, madume huanza kutambulikana na kutafutana. Majike huweza kuendelea kukaa pamoja; kila dume apewe chombo chake. Katika jimbo la Nakhon Pathom, magharibi ya Bangkok, wafugaji hutumia chupa bapa za pombe zilizokwisha kunywewa, zikapangwa safu kwa safu, maana kwa ubapa wake hazili nafasi. Kati ya chupa na chupa hutiwa karatasi ngumu ili samaki wasionane wakachoka kwa hasira. Mara moja kwa siku mfugaji huziondoa karatasi hizo kwa dakika chache, na madume yote hutanua mapezi kwa pamoja. Kisha huzirudisha, na kwenda kuwatafutia viluwiluwi vya mbu kwa chakula cha jioni.